Namba za Tumbo Moja

Mlinzi wa shule anakosoma kitinda mimba wangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Watoto humwita Mjomba Geti. Sisi wazazi tukafuata, mpaka baba mzima mwenye mvi, anayemzidi umri, utamsikia akisema, "Mjomba, nifungulie."

Kabla ya geti alikuwa mpakiaji katika ghala la mbao. Siku moja rundo la mbao liliteleza likamwangukia mguu wa kushoto, na mguu ule haukukunjika vizuri tena. Anatembea akiuvuta kama mtu anayevuta mtoto asiyetaka kurudi nyumbani. Mkewe alikwisha kufariki, mabinti zake wameolewa mbali. Kibanda chake cha getini kina kiti cha plastiki kilichofungwa kwa waya mgongoni, ndoo ya maji, kikombe cha bati, na kamba ya kengele inayopita dirishani. "Humu tunaingia mtu mmoja na nusu," husema. "Mtu ni mimi. Nusu ni huu mguu."

Ana ulimi. Mtoto akichelewa humwambia, "Kengele ilikutafuta mpaka ikachoka. Nenda kaiombe radhi." Mzazi akija na hasira kwa mwalimu, hufungua geti polepole sana, geti lenyewe linalia, na anakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mama mkwe, hata ukifika ofisini hasira imebaki robo.

Mimi nashona. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha soko, na kazi yangu kubwa ni sare za shule: sketi zilizofumuka, sweta zilizotoboka viwiko, kaptula zilizoshindwa na ukuaji wa mwenyewe. Asubuhi nikimleta binti yangu naacha getini vifurushi vilivyokamilika, Mjomba anavigawa. Ndiyo maana namjua. Na kwa kuwa mimi ni mwoga, mwoga wa kuzaliwa, huwa namtazama mtu sana kabla sijamwachia mwanangu.

Binti yangu ana pumu. Kifua kikimbana hutoa sauti nyembamba, kali, ya kukata maini kwa anayeijua. Siku ya kwanza nilipompeleka shuleni alikuwa ametembea haraka, na Mjomba aliinama pale getini akatega sikio.

"Huyu ana filimbi ndani," akasema. "Karibu, Filimbi."

Nilikasirika. "Mwanangu ana jina, baba."

"Najua, mama. Lakini jina lake wanalo wengi. Filimbi ni mmoja. Nikiisikia katikati ya makelele ya mapumziko nitajua nimkimbilie nani, na mguu wangu huu haupendi kukimbia bure."

Tangu siku hiyo yeye ni Filimbi, na mimi ni Mama Cherehani.

Mtoto akiugua shuleni, anayewapigia wazazi ni Mjomba, kwa sababu mtoto mgonjwa huletwa kukaa kibandani kwake asubiri kuchukuliwa. Ana namna yake. Hakuandikii. Hakuelezi. Anapiga, unasikia anavuta pumzi, halafu anasema, "Ongea na mwenyewe," na anampa mtoto simu. Kama ni homa, mtoto mwenyewe atakwambia ni homa. Kama ni goti, atakulilia goti. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akanieleza kwamba alipokuwa mgeni kazini alimpigia mama mmoja akamwambia mwanao kaanguka, na mama yule naye akaanguka huko huko alikokuwa, akalazwa, wakati mtoto alikuwa amechubuka tu.

"Tangu hapo nimeapa," alisema. "Mama haambiwi habari za mwanawe na mlinzi. Anaambiwa na mwanawe."

Sasa niseme habari ya simu za shule, maana hapo ndipo shimo lilipochimbwa. Zilikuwa nne: ya Mwalimu Mkuu, ya mhasibu, ya jikoni na ya getini. Laini zake zilinunuliwa siku moja, duka moja, kwa hiyo namba zimefanana kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, zinaachana tarakimu ya mwisho tu. Sisi wazazi tulikuwa na ya getini peke yake. Mjomba aliziita namba za tumbo moja. Ikilia simu ya namba hiyo hakuuliza ni nani. Alijua ni nyumbani.

Na ofisi ilimzoesha kazi nyingine. Jengo la ofisi liko ng'ambo ya uwanja, na kwa mguu ule hawezi kwenda na kurudi kila gari linapokuja. Basi mhasibu humpigia. "Mjomba, nisomee namba ya hilo gari." Anasoma. "Nisomee kilichoandikwa kwenye gunia." Anasoma. "Nisomee risiti ya kuni." Anasoma, kwa sauti kubwa, akitenga tarakimu moja moja kama mtu anayepanga mayai. Watoto humwigiza wakicheza. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwa nini asome, naye hakuuliza. Ofisi ikisema soma, anasoma.

Asubuhi ya mkasa nilifika na kifurushi cha sweta, Filimbi akanipungia mkono akaingia darasani. Mjomba alikuwa kwenye simu, akaniinulia kidole kwamba nisubiri.

"Ndiyo, ofisi," alikuwa akisema. "Umeingia, nauona. Niusome? Haya. Nne. Moja. Moja tena. Saba..."

Niligeuka kutazama barabarani. Hakukuwa na gari. Nikadhani limeshaingia ndani.

Alipomaliza nikamuuliza, "Gari gani hilo?"

"Leo si gari, ni ujumbe umeingia humu ndani ya simu. Wanarekebisha lile kundi la wazazi, eti linasumbua. Sauti ngeni. Nadhani mhasibu kapata msaidizi."

"Umemjuaje kama ni wa ofisi?"

"Namba ya tumbo letu, Mama Cherehani. Ndugu mtupu. Nimeona mwisho wake siujui, nikasema huyu ni mdogo wao kazaliwa juzi."

Tukacheka. Nikamkabidhi sweta nikaenda zangu.

Kundi la wazazi ni lile la kwenye simu, tunamopata habari za mitihani na likizo. Simu ya getini ilikuwemo, ila Mjomba hakuwahi kuandika neno humo. Tarakimu alizosoma zilikuwa ufunguo wa kuingilia. Aliyezipata alifungua kundi lile kwenye simu yake mwenyewe, akavaa jina la Mjomba kama mtu anavyovaa koti la mwenzake, na akatuona wazazi wote tumejipanga.

Mimi nilikuwa duka la vitambaa, mwenye duka akinipimia kitambaa cha sketi, simu ilipolia. Jina lililoandikwa juu: Mjomba Geti. Nikasoma.

"Mzazi mpendwa. Mwanao amezidiwa ghafla tumemkimbiza hospitali. Daktari anahitaji pesa ya dawa sasa hivi kabla hajamshughulikia. Tuma kwa namba hii. Jina likitokea geni usijali ni la daktari. Usipige, niko wodini simu haziruhusiwi."

Kila mama mwenye mtoto wa pumu anao ujumbe huo kichwani mwake tangu siku mtoto alipougua mara ya kwanza; anangoja tu uandikwe. Nilifungua sehemu ya kutumia pesa. Nikaandika namba. Nikaandika kiasi. Nikaanza namba ya siri.

Mwenye duka alikuwa amesoma usoni mwangu. "Nini?"

"Mwanangu yuko hospitali."

"Tuma basi! Unangoja nini? Pesa hutafutwa, mama, mtoto hatafutwi!"

Na ni kweli, mtoto hatafutwi. Lakini kuna kitu kilinivuta nguo kwa nyuma. Nikarudi kusoma. Mzazi mpendwa? Mimi? Mtu yule hajaniita mzazi mpendwa tangu tujuane. Mwanao? Filimbi kageuka mwanao lini? Halafu likaja kubwa kuliko yote: kwa nini kaniandikia? Sauti ya mwanangu iko wapi?

Nikapiga. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

"Simu haziruhusiwi wodini," nikamwambia mwenye duka, "lakini yake inatumika."

"Sasa hayo ya polisi utayauliza baadaye. Mtoto akifa kwa ajili ya ubishi wako?"

Maneno yale yalinichoma, na hata leo simlaumu. Niliiweka simu kifuani bila kutuma, nikaacha kitambaa mezani, nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa na mambo mawili kichwani yanapigana. Moja lilisema huu ni uongo. La pili lilisema, na kama si uongo?

Nilimkuta Mjomba amesimama mlangoni mwa kibanda, simu sikioni. Aliponiona aliniinulia kidole, kile kile cha asubuhi.

"Filimbi yuko wapi?"

Akaziba simu kwa kiganja. "Darasani. Kwani vipi? Subiri, naongea na ofisi. Wameniambia nisikate mpaka wamalize."

"Ofisi gani, Mjomba?"

"Ofisi. Mhasibu na msaidizi wake."

Ofisi ya mhasibu ina dirisha kubwa linalotazama geti. Nilinyoosha mkono. Mhasibu alikuwa pale amesimama, glasi ya maji mkono mmoja, mkono wa pili anajikuna shingo. Hakuwa na simu.

Mjomba alimtazama. Akaitazama simu. Akamtazama tena. Nilimwona mtu mzima akizeeka hapo hapo. Simuni sauti ilikuwa ikisema, laini kabisa, "Mzee, usikate, bado kidogo tu." Walikuwa wamemshikisha simu ili sisi tukipiga tusimpate.

"Wewe ni nani?" Mjomba akauliza.

Ikakatwa.

Niliingia bila ruhusa mpaka dirisha la darasa. Filimbi alikuwa safu ya pili anachonga penseli, ulimi nje. Nilikaa chini pale ukutani nikalia kimya kimya.

Niliporudi getini walikuwa wameanza kufika. Mama mmoja anayeuza mayai, kanga imemdondoka begani. Baba wawili. Kisha fundi magari, mikono myeusi kwa mafuta, hata hakuzima injini ya gari la mteja aliloazima kuja nalo. Alipoambiwa mwanawe mzima yuko darasani hakufurahi. Alimkamata Mjomba kola ya shati.

"Nimetuma! Nimetuma pesa ya watu! Ya kununulia vifaa! Umekula na nani?"

"Sijala, fundi."

"Jina ni lako! Nimeliona kwa macho yangu!"

"Jina ni langu," Mjomba akasema. Hakujaribu hata kuutoa ule mkono. "Maneno si yangu."

Walimu walikuja wakawaachanisha. Shati lilibaki na alama ya vidole vya mafuta kifuani, na Mjomba alikaa nalo hivyo siku nzima.

Mwalimu Mkuu aliita kikao jioni ile ile, kabla jua halijazama. Ni mama mwenye haki, lakini siku hiyo alikuwa na hofu ya jina la shule, na hofu humfanya mtu atafute pa kuitua. Tuliketi kwenye viti vya watoto wa darasa la chini, magoti yamefika kidevuni. Mjomba alisimama mbele, karibu na ubao. Simu ya getini ilikuwa mezani, imezimwa, maana wezi walikuwa bado wamelishikilia jina lake.

"Mjomba, ulizisoma namba hizo au hukuzisoma?"

"Nilizisoma, mwalimu."

"Nani alikwambia uzisome?"

"Ofisi."

"Ofisi haikukwambia."

"Sasa najua. Wakati ule nilikuwa nimeambiwa na ofisi."

Watu wakaguna. Fundi magari akasema, "Mlinzi gani anampa mwizi ufunguo halafu anashangaa nyumba iko tupu? Huyu ana fungu lake mahali. Aondoke, na polisi wamuulize vizuri."

Mama mayai alikuwa analia bila sauti. "Mimi nilituma natetemeka mpaka nikakosea namba mara mbili," alisema. "Laiti ningekosea na mara ya tatu."

Sikuwa nimepanga kusema. Mimi nimesoma kidogo, na mbele ya watu ulimi wangu hugeuka mti. Lakini niliona hakuna mwingine aliyekuwepo.

"Mimi nilikuwepo asubuhi," nikasema. "Nilimsikia akisoma."

"Haya!" fundi magari akapiga kiganja juu ya meza. "Shahidi kapatikana!"

Mjomba aliinama. Nadhani aliamini nimemmaliza. Hata mimi kwa kitambo niliamini hivyo, nikaendelea kwa kuogopa kunyamaza hapo.

"Nilimsikia akisoma kama anavyosoma kila siku mnapomwambia asome. Namba za gari. Magunia. Risiti za kuni. Mwalimu, samahani, lakini ni lini mlimfundisha kuuliza kwa nini? Aliitwa na namba inayofanana na zenu, akaombwa kitu mnachomwomba kila siku, akatii. Mwizi hakumtafuta mjinga. Alitafuta mtu aliyezoea kutii."

Mhasibu alitazama vidole vyake.

"Na nyinyi wazazi wenzangu. Nani hapa amewahi kupata maandishi ya Mjomba? Hata mmoja?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Fundi, jina lake uliliona. Sauti ya mwanao uliisikia?"

Nilidhani atanipigia kelele. Alijibu taratibu, akanitazama machoni. "Dada yangu, mtu akiambiwa mwanawe anakufa hakumbuki desturi za mlinzi."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilifika mpaka namba ya siri.

Mwalimu Mkuu akasema kamati itakaa Ijumaa iamue kama Mjomba anabaki au anaondoka. Mpaka hapo atafungua geti tu. Simu itafungiwa kabatini, na namba za wazazi zote humo humo.

Tulipotoka nilimkuta ameketi kibandani, mikono juu ya magoti. Nilitoa chaki yangu ya kushonea kwenye mfuko wa gauni, nikaingia, nikaandika namba yangu ukutani, nyuma ya mlango, mtu wa nje asipoweza kuiona.

"Unafanya nini, Mama Cherehani?"

"Filimbi anaweza kuumwa kabla ya Ijumaa."

"Fikiri vizuri. Siku hizi mimi ni mdomo wa mwizi."

"Mdomo wako naujua," nikamwambia. "Una kelele nyingi, lakini hauandiki."

Hakucheka.

Wiki ile wezi hawakutuacha. Namba zetu walikuwa nazo. Nilipigiwa na namba inayofanana na yangu mwenyewe, imeachana mwisho tu, eti nimeshinda zawadi. Nikaletewa ujumbe kuwa nimetumiwa pesa kwa makosa nizirudishe. Nikaletewa mwingine: mwanao anaumwa. Na mwingine. Majirani pale sokoni waliniambia usipokee namba usiyoijua, hata ikifanana na ya mama yako mzazi. Nikashika hilo. Kila simu ilipolia bila jina niliiacha ilie mpaka inyamaze, nami nikiendelea kusukuma cherehani, moyo ukienda mbio kuliko sindano.

Alhamisi, baada ya mapumziko ya watoto, simu ikalia. Niliitazama: namba ya tumbo moja na za shule, mwisho wake siujui. Nikasema hawa, hawana haya. Nikaiacha. Ikalia tena. Nikaikata. Kidogo ukaingia ujumbe kutoka namba ile ile: "Mwanao anaumwa, njoo shuleni haraka."

Nilisoma mara moja nikaigeuza simu kifudifudi. Maneno yale nilikuwa nimeyapata mara ngapi wiki ile? Mwanao, mwanao. Hawana hata jina lake. Nikashona mshono mzima ukaenda upande.

Ikalia mara ya tatu. Safari hii niliipokea ili nitukane. Nilikuwa na matusi yangu yamepangwa, ya kumfikia mpaka bibi yake aliyezaa mzazi wake. Nikafungua mdomo.

Hakuna aliyesema neno. Kulikuwa na sauti nyembamba, inapanda, inakatika, inapanda. Inavuta na haipati.

"Sisemi kitu, Mama Cherehani," ikaja sauti ya Mjomba kwa mbali. "Msikilize mwenyewe."

Dawa ya kuvuta aliyoibeba Filimbi shuleni ilikuwa imekwisha bila yeye kuniambia. Nyingine ilikuwa kwenye mkoba wangu, maana mimi ni wa kubeba vya akiba. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka geti likiwa wazi kabisa, kitu ambacho Mjomba hakifanyi. Alikuwa kwenye kile kiti chenye waya, amempakata Filimbi wima, kifua cha mtoto kimeegemea kifua chake, anapumua polepole kwa makusudi ili mtoto amfuate. "Pamoja nami, Filimbi. Usiiharakishe. Pamoja nami." Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga magoti chini, kwenye vumbi, bado ameishika simu yake karibu na mdomo wa mwanangu.

Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Nikampa dawa. Akavuta. Tukangoja, akavuta tena. Filimbi ikaanza kushuka. Tulimpeleka zahanati kwa gari la mhasibu, akalala huko mpaka jioni, na alipoamka alidai chakula kwa ukali, nikajua amerudi.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyenieleza, tukiwa kwenye benchi la zahanati. Namba aliipata ukutani kwa Mjomba. Alipiga mara mbili, akaandika ujumbe. Mjomba, mtoto akiwa mikononi, akamwambia, "Mwalimu, hatapokea wala hatasoma. Wezi wamekwisha kuyatumia maneno yote. Mpigie tena, akipokea usiseme. Mwekee simu kifuani kwa mtoto."

"Nilitaka kubishana," Mwalimu Mkuu akasema. Alikuwa akiutazama mkoba wake. "Nilitaka kumwambia mimi ndiye Mwalimu Mkuu, mzazi ataniamini mimi. Halafu nikaona nimeshapiga mara mbili."

Ijumaa kamati ilikaa. Nilisikia haikuchukua muda. Mjomba alibaki.

Pesa hazikurudi, na wezi hawakukamatwa. Nasema hivyo ili mtu asidhani haki ilifanyika. Mama mayai alikaa muda mrefu bila trei kamili. Mjomba mwenyewe hakurudi kuwa yule wa zamani. Ulimi umepungua makali, na hadithi za ghala la mbao hasimulii tena. Alipewa simu nyingine. Namba zetu hazikuwekwa humo mpaka mzazi akubali, na wengi hawakukubali. Walipita getini asubuhi wakiwashika watoto mikono, wakamsalimu kwa kichwa.

Kisha, taratibu, ukuta ule ulianza kujaa. Mama mayai aliandika yake chini ya yangu, akaazima chaki yangu. Wakafuata wengine. Wa mwisho alikuwa fundi magari, kwenye muhula uliofuata. Nilikuwepo, nimeleta kaptula. Alisimama mlangoni mwa kibanda kama mtu aliyepotea njia. Radhi hakuomba.

"Mjomba. Namba yangu."

"Naam."

"Niitaje?"

"Usiitaje," Mjomba akasema haraka. "Namba hazitajwi hapa tena. Andika." Halafu akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliona kona ya mdomo wake inasogea. "Lakini ngoja kwanza. Nitajuaje kama wewe ndiye baba? Sura yako naiona, lakini sura siku hizi huvaliwa. Mwite mwanao aje aseme mwenyewe."

Fundi magari alimkodolea macho. Kisha akageuka uwanjani akamwita mwanawe. Mtoto akaja mbio, akasimama.

"Huyu nani?" Mjomba akamuuliza.

"Baba."

"Una hakika? Mtazame vizuri."

"Ni baba, Mjomba. Ananuka oili."

Fundi akachukua chaki akaandika.

Ofisi nayo ina desturi mpya. Hakuna kinachosomwa kwenye simu; mhasibu akitaka kujua gari gani limekuja, anavuka uwanja kwa miguu yake miwili mizima. Akiwa na neno dogo la kumpigia Mjomba, husimama kwanza pale dirishani na kuinua mkono juu. Mimi nikiwa getini asubuhi naona. Simu inalia kibandani, na Mjomba haigusi. Anageuza shingo polepole, anatazama ng'ambo ya uwanja, anakitafuta kile kioo cha dirisha. Akiuona mkono umeinuka, anapokea. Asipouona, anaiacha ilie mpaka ichoke.